Mboga za uani: leja ya miezi mitano inaonyesha hasara. Niendelee au niache?

karani_wa_stoo

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba mnisaidie jambo ambalo nyumbani kwangu limeshageuka utani.

Nimepanga Kinyerezi, Dar. Uani kuna kipande ambacho mwenye nyumba hana kazi nacho, hatua sita kwa nne, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani. Mwezi wa sita, masika yamekwisha, nikaapa kwamba mboga za kununua basi. Kazi yangu ni stoo. Nimezoea kitu kikiingia kinaandikwa, kikitoka kinaandikwa. Basi nikafungua daftari, na mke wangu akashika kiuno: "Mchicha nao unaufungulia leja?" Nikamwambia subiri.

Leja nimeifunga jana. Kilichotoka mfukoni: udongo wa kirikuu (pickup ndogo) moja 35,000, maana uani kwetu ni mchanga mtupu na vipande vya matofali. Samadi ya kuku viroba vinne, 14,000. Viroba vitupu kumi na viwili vya kupandia, 6,000. Neti ya kivuli 16,000. Keni ya kumwagilia 9,000. Pakti tano za mbegu (mchicha, sukuma wiki, nyanya, hoho, karoti) 11,000. Dawa ya wadudu chupa moja 12,000. Maji nayo, bili imepanda kama 6,000 kwa mwezi, kwa miezi mitano ni 30,000. Jumla 133,000.

Kilichoingia jikoni nimekithaminisha kwa bei ya kijana wa baiskeli anayepita hapa na tenga lake kila asubuhi, fungu 500. Mchicha mafungu 46, matembele 38, sukuma wiki 22. Nyanya zilizosalimika zilitimiza mafungu manne ya 1,000. Hoho tatu, 500 kila moja. Karoti sikuwa na cha kuandika. Nilipochimba nilikuta vitu kama vidole vya mtoto, vingine vina miguu mitatu. Jumla 58,500.

Upungufu 74,500. Kazini kwangu upungufu wa namna hii unaitwa ofisini na kuambiwa ufunge mlango.

Hapo sijaandika karaha, kwa sababu karaha haina safu yake kwenye daftari. Mbegu za kwanza za mchicha zilibebwa na sisimizi. Niliwakuta asubuhi wamepanga mstari, kila mmoja na punje yake nyeusi, wanaelekea kwenye ufa wa karo. Nikapanda tena, safari hii nikazungushia majivu. Ikaota, ikafika kimo cha kidole, kuku wa jirani wakapenya pale ukuta ulipobomoka wakachakura kitalu chote kama waliotumwa. Bibi mwenye kuku aliona haya. Kesho yake akamtuma mjukuu na mzigo wa marando ya matembele, kayafunga kwenye kipande cha kanga. Nikayachomeka kandokando ya ukuta, basi tu ili nisionekane nimekataa.

Nyanya ndizo zilizonivunja moyo. Nilikuwa na mashina manane, nimeyawekea miti, nimeyafunga kamba, kila jioni nayazungukia kama mzazi siku ya mahafali. Siku moja naona majani yana michirizi myeupe imejipindapinda. Nikachuma jani moja nikaliinua juani: ndani kabisa, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kuna kiwavi mdogo wa kijani anakula huku anasogea, na nyuma anaacha vidoa vyeusi. Ndiye huyo mharibifu wa nyanya wanayemwita kantangaze. Dukani wakaniuzia dawa, lebo inasema usichume mpaka siku saba zipite. Nikapiga, nikasubiri. Siku ya nane nyanya nyingi zilikuwa na katundu kadogo pembeni ya kikonyo, ukipasua ndani ni uozo.

Swali langu ni la shilingi. Yale ya "mboga salama" na "mazoezi ya mwili" nimeshayasikia. Kuna mtu humu ambaye kwake hii kitu inalipa kweli? Au ninunue kwa kijana wa baiskeli nipumzike? Vuli ndiyo hii imeanza, nataka kuamua kabla sijaagiza samadi nyingine.


chumvi_ya_mawe

Mkuu umejijibu mwenyewe. Fungu 500, mlangoni, limeoshwa. Tena kwenye leja yako hujaandika muda. Nusu saa kila siku kwa siku 150 ni saa 75. Ungelipwa kibarua hapo ungekuwa wapi?


karani_wa_stoo

Hilo nililifikiria. Tatizo ni kwamba hiyo nusu saa ni ile ya kuanzia saa kumi na mbili jioni, nimeshatoka kazini, chakula hakijaiva. Haina mnunuzi. Nisipomwagilia naishia kwenye simu kusoma watu wanagombana kuhusu mpira.


mweka_hazina

Kaka, pole, na hongera kwa kuandika. Mimi naweka hesabu za kikoba chetu mwaka wa sita huu, kwa hiyo niruhusu nikukague. Leja yako ina kosa ambalo hata akina mama wangu wapya hulifanya: umechanganya mtaji na matumizi.

Udongo haujaliwa. Neti bado ipo, keni bado ipo. Viroba vya sandarusi nitakuachia ingawa najua jua la Dar linavila, mwakani vitachanika ukivigusa. Hivyo vinne jumla yake ni 66,000, na vitatumika tena msimu huu bila kutoa senti. Kilichokwenda moja kwa moja ni samadi, mbegu, dawa na maji: 67,000. Umevuna 58,500. Hasara ya kweli ya uendeshaji ni 8,500.

Sasa toa nyanya. Chupa ya 12,000 ulinunua kwa ajili yao peke yao, zikakurudishia 4,000. Bila nyanya matumizi yako ni 55,000 na mavuno ni 54,500. Kaka yangu, umepata hasara ya shilingi mia tano. Fungu moja la mchicha!

Tena hapo sijagusa maji ambayo nyanya zilikunywa, wala pakti yake ya mbegu.

Kuhusu karoti, usijilaumu. Mimi kwetu ni Lushoto, nimekua navuta karoti ardhini kwa mkono mmoja na mwingine nimeshika kanga ya mama. Kule ni mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku unajifunika blanketi mbili, na udongo umelimwa mpaka unakuwa kama unga. Karoti hutaka ubaridi na njia iliyo wazi ya kushuka. Ukiiweka Kinyerezi kwenye udongo uliojaa kokoto na samadi ya kuku ambayo haijaiva, mzizi ukigonga kitu unagawanyika. Hiyo miguu mitatu ni karoti ilikuwa inatafuta njia. Samadi ya kuku uiache ipoe wiki kadhaa, uwe unaigeuza na kuinyunyizia maji, mpaka ile harufu ya kuwasha pua iishe. Vinginevyo inaunguza hata miche ya sukuma.

Na maji ya kusuuzia mchele na kuoshea mboga unayapeleka wapi? Usiniambie karoni.


karani_wa_stoo

Karoni, dada.

Nimemsomea mke wangu kwa sauti hapo kwenye mia tano. Amecheka mpaka ameweka sufuria chini. Kasema hiyo mia tano atanilipia yeye, yaishe.


kijana_wa_bonde

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo upande wa pili wa baiskeli. Nalima mchicha na chainizi Bonde la Msimbazi, huenda fungu unalonunua wewe lilitoka kwangu.

Niwe mkweli, kwenye mchicha huwezi kushindana na sisi. Mbegu sinunui, naacha mashina machache yakomae nayapukuchua mwenyewe. Samadi tunachangishana inakuja lori zima. Siku 21 mpaka 28 tuta limeiva, akina mama wanakuja alfajiri, wananunua tuta zima kwa kuliangalia tu, wanang'oa wenyewe. Hata fungu silifungi mimi. Faida kwenye fungu moja ni ndogo sana, sisi tunaishi kwa wingi. Wewe ukipanda mchicha mwezi wa nane unapanda wakati bonde zima limejaa mchicha. Ni kama kupeleka mchanga baharini.

Ila kuna wakati sisi hatupo. Mvua kubwa za masika zikishuka, mto unatoka kwenye njia yake, matuta yanafunikwa na tope. Aprili na Mei utaona fungu limekonda na bei ni ileile au imepanda. Hapo ndipo ungepanda wewe. Viroba vyako viko juu, maji yanatoka, na neti unayo: mchicha mdogo unauawa na matone makubwa kabla hata ya mafuriko, neti inayavunja nguvu. Sia mwishoni mwa Februari, sia tena katikati ya Machi, mwezi wa nne unachuma. Mbegu uichanganye na mchanga mkavu, kiganja kimoja cha mbegu kwa vitano vya mchanga, vinginevyo inaota kama nywele.

Kitu kingine, kwa kuwa watu huwa wananiuliza faragha wakiona haya: ndiyo, maji yanatofautiana. Mimi natumia kisima changu. Wapo wanaochota mtoni, na mto huo unapita kwenye viwanda na mifereji ya majitaka. Kwenye tenga la baiskeli huwezi kujua fungu lipi lilimwagiliwa nini, hata mimi siwezi kulijua kwa macho. Hili halina bei, kwa hiyo sijui utaliweka safu gani kwenye leja yako mzee.

Ukitaka ushauri wangu panda vile ambavyo sisi vinatupotezea muda. Matembele, maana unachuma ncha na yanarudi. Kisamvu cha mpira, shina moja ukutani litakulisha miaka. Boga mashina mawili kwa ajili ya majani, liache lipande ukuta. Mgagani. Pilipili mbuzi mbili tu. Nyanya tuachie sisi na wakulima wa Ilula, Iringa.


gunia_na_mawe

Hamjambo wa Dar. Mimi niko Kayole, Nairobi, na nikisikia mtu analia na hatua sita kwa nne nashindwa nicheke ama nilie. Mimi nina nafasi ya magunia mawili nje ya mlango, na moja tayari mwenye plot amelalamika.

Lakini nitawaambia vile inafanya kazi, maana huku kwa mitaa watu wengi wameishi na hii kitu kwa miaka. Unachukua gunia la kilo tisini. Unakunja mdomo wake chini, unaweka mkebe mkubwa uliotolewa kitako katikati, unajaza mkebe na mawe madogo. Pembeni ya mkebe unajaza udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe au mbuzi. Udongo ukifika juu ya mkebe, unauvuta mkebe polepole, mawe yanabaki yamesimama peke yao kama nguzo. Unajaza mkebe tena, unaongeza udongo, unavuta tena, mpaka gunia lijae. Hiyo nguzo ya mawe ndiyo siri. Ukimwaga maji juu, yanashuka katikati na kusambaa mpaka chini. Bila mawe juu kutakuwa matope na chini kutakuwa vumbi. Nilifanya bila mawe mara ya kwanza, najua.

Halafu unatoboa matundu madogo kwa ubavu, umbali wa shibiri moja, kila tundu mche wa sukuma. Gunia langu lina miche thelathini ubavuni, na juu kuna dania. Nachuma majani ya chini mawili mawili, Jumatano na Jumamosi. Sisi ni watu watano, na sijanunua sukuma ya mbao (shilingi ishirini ya huku) tangu Machi, isipokuwa Julai. Julai huku ni baridi, sukuma inasimama tu inakuangalia.

Wadudu: wale wadogo wa kijivu wanaojazana nyuma ya jani wakati wa kiangazi. Mimi nawasugua na kidole na maji ya sabuni kidogo, halafu nasuuza. Mtoto wangu wa darasa la nne ndiye mtaalamu, namlipa na mandazi. Hiyo mandazi iko kwa leja yenu? Kwangu haiko.


nilishaacha

Mimi ni upande wa chumvi ya mawe, ila kwa sababu nyingine. Nilikuwa na bustani nzuri tu, Mbezi, sukuma za kufika kiunoni. Mwishoni mwa 2022 maji ya mto Ruvu yakapungua tukaingia kwenye mgao. Kwetu yakawa yanatoka usiku wa manane, siku nyingine hayatoki kabisa. Wiki ya tatu nikajikuta nanunua maji ya boza, halafu jioni nasimama na ndoo mkononi nafikiria: hii niwape sukuma au niwaogeshe watoto? Sukuma zilikufa kwa siku nne. Sijapanda tena. Sisemi ni vibaya kulima, nasema mtu asiye na tanki asijidanganye.


mweka_hazina

Pole sana ndugu. Hapo ni kweli, maji ndiyo yanayoamua yote. Kwenye leja ya kaka 30,000 kati ya 67,000 ni maji, karibu nusu. Ndiyo maana nilimuuliza maji ya mchele.


karani_wa_stoo

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Samahani kwa ukimya, tulikuwa na kuhesabu mali kazini.

Nimefanya hivi. Nimeng'oa nyanya zote nane, na sikuzitupa kwenye mboji, nimezitia kwenye mfuko mweusi nikaufunga nikauacha juani ili hao viwavi wasirudi. Karoti na hoho basi. Sukuma wiki nimeziacha kumi. Mchicha nimesimamisha mpaka Februari kama alivyosema kijana, nimeandika tarehe ukutani kwa mkaa. Shina la kisamvu cha mpira nimepewa kazini.

Ndoo mbili nimeziweka kando ya karo. Moja ni ya maji ya mchele na mboga, nyingine ni ya suuzo la mwisho la nguo, lile ambalo halina povu. Zinajaa kila siku, sikuamini. Bomba silifungulii mboga tena labda mara moja kwa wiki. Mvua za vuli nazo zimesaidia, kwa hiyo bili ya mwezi huu siihesabu kama ushahidi bado.

Lakini jambo lililonishangaza ni nilipoikagua leja upya, safari hii kwa kila zao na gharama zake. Matembele: mbegu sifuri, viroba sifuri, dawa sifuri, samadi nusu kiroba, maji kidogo maana yako kwenye kivuli cha ukuta na yamejifunika ardhi yenyewe. Mafungu 38, yaani 19,000. Theluthi ya mavuno yangu yote imetoka kwenye kitu ambacho sikukinunua na sikukitaka. Nilikuwa nayachuma kila Jumanne na Ijumaa bila hata kuyaheshimu, akili yote iko kwenye nyanya. Juzi tumeyapika na nyanya chungu na tui la nazi moja, mke wangu kayamenya vikonyo kimoja kimoja ule utepe wa nje, na wageni wakaomba kuongezewa.

Yule bibi mwenye kuku nimempelekea bakuli. Akalionja, akaniuliza kama marando yalikuwa ya kwake. Nikasema ndiyo. Akasema basi kuku wake wananidai.

Konokono wameanza kutoka na hii mvua, yale makubwa. Nawaokota kwa tochi ya simu saa tatu usiku. Mwenye njia bora kuliko hiyo aniambie.


chumvi_ya_mawe

Mkuu, naona umehamia upande wao. Sawa. Swali moja tu, hayo marando unauza?


karani_wa_stoo

Siuzi, nitalazimika kufungua leja nyingine. Njoo Jumamosi asubuhi uje na kiroba chako. Nitakukatia yale yenye urefu wa mkono, uyaache kivulini siku moja yanyauke kidogo, halafu ufukie vifundo viwili vitatu, kichwa kibaki nje. Ukiingia funga geti nyuma yako, kuku bado wapo.